Mama Ghala Anajibu: Geji ilikufa Jumatatu, na wote tulisema sawa

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu kila moja ina mgeni ndani yake. Si ajabu. Oktoba ikifika Mtwara, minada ya korosho inafunguliwa, malori yanateremka kutoka Newala na Tandahimba, na vyumba vya kulala wageni kule Shangani vinajaa wanunuzi wa India na Vietnam. Kwa msomaji mpya wa ukurasa huu: nilianza kama karani wa mizani, nikamaliza msimamizi wa ubora, miaka 31 ghalani chini ya mabosi wa mataifa manne. Sasa niko Mikindani, nakaa barazani, nasoma barua zenu kwa miwani ya kuazima kwa mjukuu.

Shikamoo Mama Ghala. Nina miaka 29, ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Chini yangu wapo watu 22, wengi kina mama wa umri wa kunizaa. Meneja wetu ni Mholanzi, ana miezi mitano nchini. Wiki iliyopita trei zote za usiku ziliungua tanurini, korosho nyeupe zikatoka rangi ya chai. Kumbe geji ya joto ilikufa tangu Jumatatu na kila mtu anajua. Meneja alikuwa anapita kila asubuhi anauliza, "Kila kitu sawa?" na wote wanajibu, "Sawa, bosi." Sasa anasema watu wangu ni waongo, na anataka nimpe jina la aliyedanganya kabla ya Ijumaa. Tena ametuonyesha chati kwenye kompyuta yake kwamba Afrika Mashariki tuna alama 64 za kuogopa wakubwa, kwao Uholanzi ni 38. Nifanyeje? — Kijana wa Katikati, Mtwara

Marahaba mwanangu. Jina usimpe, kwa kuwa halipo. Ukimtaja yule mama wa tanuri, geji nyingine itakufa mwezi ujao na safari hiyo hata wewe hutaambiwa.

Hebu turudi pale tanurini. Korosho imeshapikwa kwa mvuke, imepoa, imebanguliwa, na sasa inakaushwa ili ile ngozi nyembamba ya ndani ibanduke. Joto likishikwa vizuri, inatoka nyeupe na nzima; hiyo ndiyo wanayoipanga daraja la W320, yaani korosho 300 hadi 320 kwenye ratili moja, ndiyo inayosafiri sana duniani. Joto likipanda inaungua, na iliyoungua bei yake unaijua. Mama aliyekaa mbele ya tanuri miaka kumi hana haja ya geji. Ananusa. Kwa hiyo alijua, tena alijua kabla ya fundi.

Kwa nini hakusema? Lisikilize swali lenyewe. "Kila kitu sawa?" Huku kwetu hilo ni salamu, mwanangu. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mtu ana mgonjwa ndani, bado anajibu nzuri, na baada ya nzuri ya tatu ndipo anaposema, "Ila huyu mdogo usiku kucha alikuwa na homa." Meneja wako anauliza akiwa anatembea, anaondoka kabla ya nzuri ya tatu. Hiyo "ila" haijawahi kumfikia.

Halafu anauliza hadharani, watu 22 wamesimama. Mama akisema geji imekufa, amemshtaki fundi wa umeme mbele ya watu, na huyo fundi pengine ni mkwewe au jirani yake wa Chikongola. Ukiwa wewe ungesema?

Hiyo chati naifahamu, niliwahi kuonyeshwa kwenye semina. Chanzo chake ni Mholanzi mwenzake, Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM, zaidi ya madodoso 100,000, yaliyokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Sina ugomvi nayo. Lakini mwambie meneja wako mambo mawili. Hiyo "Afrika Mashariki" ya kwenye chati ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimetiwa kapu moja, na waliojibu ni watu wa kampuni ya kompyuta; mama wa tanuri wa Mtwara hakuulizwa na mtu. La pili, alama zile hazipimi woga peke yake. Zinapima hasa kiasi gani watu wa chini wanaona ni jambo la kawaida kwamba wakubwa wana madaraka na wao hawana. Mtu anaweza kuliona hilo ni la kawaida na asikuogope hata kidogo. Anaona tu kwamba geji ni kazi yako, na kama hujaiona basi una sababu zako.

Hata hiyo 38 ya kwao muulize ina maana gani kazini. Atakwambia kwamba kule kijana wa chini anamwambia bosi wake "hapa umekosea" mchana kweupe, kisha wanakwenda kunywa kahawa pamoja kama hapakuwa na kitu. Niliwahi kuwa na bosi wa namna hiyo. Siku ya kwanza aliniambia mbele ya wenzangu kwamba ripoti yangu ni mbovu. Nikaenda chooni nikalia. Saa saba ananiita twende kula, anacheka, anauliza habari za watoto. Nilidhani ni mnafiki. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba kwake ripoti ni ripoti na mimi ni mimi, havijakutana.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu wewe umekaa pale nilipokaa mimi, katikati.

Wakati huo nilikuwa nasimamia meza ya kukata sampuli. Ambao hamjui: unachukua kilo moja ya korosho ghafi, unakata moja moja kwa kisu, unatenga nzuri, zenye madoa, changa na tupu. Unapima nzuri, unaongeza nusu ya uzito wa zenye madoa, unazidisha gramu kwa 0.1764, unapata ratili zitakazotoka kwenye gunia la kilo 80. Gramu 272 ni ratili 48, mzigo mzuri. Wasichana wangu walikuwa na huruma ya kijijini, zenye madoa madogo wanazitupa upande wa nzuri. Tunamwandikia mnunuzi 48, yeye akikata mwenyewe anapata 45. Bosi akaja mezani, uso mwekundu, akaniambia kwa Kiingereza: waambie ikitokea tena nafukuza meza nzima. Wasichana wananitazama mimi mdomoni. Nikasema, "Bosi anaomba tuwe waangalifu zaidi." Wakatabasamu. "Tumesikia, bosi." Naye akaona tabasamu lile akadhani wanamdharau.

Wiki ya tatu alifukuza wanne. Walikuja nyumbani kwangu jioni na khanga zao zimefungwa kiunoni, wakakaa ukumbini, na mkubwa wao akaniuliza neno moja tu: "Mbona hukutuambia?" Sikuwa na jibu. Nilitia sukari kwenye maneno ya mtu mwingine kwa sababu mimi nilikuwa naona aibu kuyasema, nikaiita heshima.

Ndiyo maana nakuuliza na wewe. Umeandika "kila mtu anajua." Kila mtu ni pamoja na nani? Wewe ulijua lini?

Ukienda kwake Ijumaa, anzia hapo. Mwambie, mimi nilijua siku fulani, sikukuambia, na sababu ni hii. Ukishajitaja wewe, neno "waongo" litampungukia nguvu mdomoni, kwa sababu atakuwa anazungumza na mmoja wao aliyemwambia kweli. Kisha mwombe abadilishe swali. Aache "kila kitu sawa" na "umeelewa," maana hayo jibu lake la adabu ni moja tu. Aseme, "Nionyeshe." Nionyeshe geji inasoma ngapi. Nionyeshe trei ya jana. Mtu akionyesha hajamshtaki yeyote. Kidole kimesema chenyewe. Apite saa nne, wakati wa chai, akae kwenye benchi hata dakika kumi, anywe hiyo chai hata kama ina sukari nyingi kuliko anavyopenda. Hizo "ila" zinatoka wakati wa chai.

Na wewe tafuta yule mama ambaye wenzake wakigombana wanakwenda kwake. Yupo, kila zamu inaye, na mara nyingi siye anayesema sana. Huyo ndiye awe anakuletea habari, wewe unaipeleka juu bila jina. Nami nilikuwa na mtani wangu wa Masasi, mpakiaji, ambaye alikuwa anapenya ofisini kwa bosi na kusema lolote kwa mzaha: "Bosi, mizani yako imelewa uraka, inatuibia wote." Bosi anacheka, kisha anaita fundi wa mizani. Utani nao ni chombo cha kazi. Hakuna semina iliyowahi kunifundisha hilo.

Geji ikiripotiwa itengenezwe siku hiyohiyo. Hilo mbanie meneja koo, kwa adabu. Mama akisema mara moja akaona wiki mbili zimepita, atarudi kwenye "sawa, bosi" na hapo hata chai haisaidii.

Mama, salaam. Niko Lindi, afisa utumishi wa kampuni ya wageni. Tangu Januari nimepokea maombi 14 ya ruhusa ya msiba wa mjomba. Mkurugenzi ananiuliza, "Hapa kila mtu ana wajomba wangapi?" Alimkatalia fundi mmoja, fundi akaenda hivyohivyo akakaa siku nne, na sasa mkurugenzi anataka afukuzwe kwa utoro. Sheria inasemaje, na nimweleze nini? — Afisa, Lindi

Sheria kwanza, halafu mjomba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo katika mzunguko wa likizo, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma tena orodha hiyo polepole. Mjomba hayumo. Mkurugenzi wako hajavunja kifungu hicho. Ila neno "angalau" liko pale kwa kazi yake: mwajiri hakatazwi kutoa zaidi. Na kumfukuza ni habari nyingine. Sheria hiyohiyo inataka sababu halali na utaratibu wa haki, mtu asikilizwe kabla. Fundi ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale mkurugenzi ataulizwa maswali marefu kuliko haya yangu.

Sasa mjomba. Mweleze kwamba amefungua kampuni katika nchi ya ukoo wa mama. Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, asili yetu mtoto ni wa upande wa mamake, na mkubwa wake ni kaka wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa anaamua jando lini, posa inapokelewa au inarudishwa, shamba linakwenda kwa nani. Uislamu, Ukristo, shule na mahakama vimebadilisha mengi, urithi hasa, na vijana wa mjini siku hizi wanamsikiliza baba. Lakini msibani bado utaona nani anasubiriwa kabla ya jeneza kutoka. Mjomba wangu mimi aliuza magunia sita ya korosho nikaenda shule ya bweni. Baba alikuwa hai, ana nguvu zake, ameketi anaangalia, na hakuna aliyeona ajabu.

Mjomba huyo alipofariki Newala, nilikwenda kwa bosi wangu wa wakati ule na fomu. Akasoma, akasema mjomba si familia ya karibu, rudi kazini. Nikatoka nje, nikachukua fomu nyingine, pale pa uhusiano nikaandika "baba." Akanipa pole na siku nne na bahasha. Basi baba yangu aliye hai nimemzika kwenye faili. Miaka sita baadaye baba akafa kweli. Nikaenda na fomu, karani akafungua faili langu, akaniangalia juu ya miwani: "Mama, wewe baba yako si alishakufa?" Nilizika baba yangu kwa siku za likizo ya mwaka, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Msimulie mkurugenzi hicho kisa kama cha bibi mmoja wa Mikindani, na umwambie kwamba kati ya hao wafanyakazi wake wenye baba waliofariki, wapo ambao baba zao wanavua samaki hivi sasa.

Tusidanganyane pia, wapo wanaowaua wajomba ovyo. Mimi nilikuwa na kijana ambaye mjomba wake alifariki misimu miwili mfululizo, mara zote siku ya mechi kubwa. Lakini nilipofuatilia, wa pili alikuwa kweli: kaka zote za mama ni wajomba, na binamu wa kiume wa mama nao wanaitwa hivyohivyo. Kwa hiyo swali la mkurugenzi, "wajomba wangapi," lina jibu, na jibu ni wengi. Dawa ni ndogo. Siku mtu anapoajiriwa, kwenye fomu ile anapoandika mwenza na watoto, ongezeni mstari: mkubwa wa ukoo. Jina moja. Huyo akifariki, siku 4 kama za mzazi, na barua ya mtendaji wa kijiji ikija baadaye. Wajomba wengine mtu achukue likizo yake ya mwaka. Kampuni haitafilisika kwa mstari mmoja wa fomu, na mafundi wataacha kuzika baba zao kabla ya wakati.

Huyo fundi apewe onyo la maandishi na arudi kazini. Alikatazwa akaenda, hilo nalo halipiti bure.

Shikamoo bibi. Mimi ni katibu wa chama cha msingi Nachingwea. Mwezi ujao tunatembelewa na Wajapani wanaotaka kujua habari za ufuta wetu kabla ya kupanda. Wenzangu wanataka ngoma, mbuzi wawili na hotuba ya mwenyekiti. Mimi naona tutaharibu. Tuwapokeeje? — Katibu, Nachingwea

Marahaba, katibu. Mbuzi mmoja anatosha. Ngoma fupi si mbaya. Hotuba ya mwenyekiti ndiyo naiogopa.

Nachingwea, ninyi hasa, mnapaswa kujua mgeni asiyeambiwa kweli anagharimu kiasi gani. Waulizeni wazee habari za mradi wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na hapo kwenu. Walileta matingatinga, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Kule Kongwa ardhi ya mfinyanzi jua likiipiga inakuwa kama sakafu, karanga haing'oki, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Mgogo yeyote anayechunga pale angewaambia. Januari 1951 serikali ilikubali kwamba limeshindikana, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Sisi Mtwara tulibaki na bandari yenye kina kirefu iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, na reli ya kutoka bandarini hadi Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa. Kila nikipita bandarini naikumbuka kama faida ya bahati mbaya.

Wajapani wako wamekuja kuuliza. Tayari wamewazidi wale. Basi majibu yawe ya kweli hata yasiyopendeza. Watauliza mlipuliza dawa gani, lini, na shamba liko umbali gani na mikorosho inayopulizwa, kwa kuwa kwao mzigo wa chakula unapimwa mabaki ya dawa na ukizidi kiwango hauingii. Watauliza mnaanika kwenye turubai au chini. Kama wengine wanaanika chini, semeni wengine wanaanika chini. Mwenyekiti akisema "wote turubai" na mgeni akapita nyuma ya nyumba akaona vinginevyo, hatagomba. Ataandika tu. Na mwambieni dakika ya kwanza kwamba ufuta unauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, hakuna bei ya pembeni, asije akadhani mnamzungusha.

Mambo ya adabu si makubwa. Saa tatu iwe saa tatu. Kadi zao wanazitoa kwa mikono miwili, pokeeni kwa mikono miwili kama mnavyompokelea mzee, muisome, msiitie mfukoni wa nyuma ya suruali. Wakinyamaza msiharakishe kujaza ukimya; wanafikiri. Wakisema "tutalifikiria," msichinje mbuzi wa pili, maana mara nyingi hiyo ni "hapana" iliyovaa kanzu, na sisi watu wa "inshallah" tusijifanye hatuielewi. Uamuzi hawatautoa mezani kwenu hata mkiwabana. Wanazungukiana kwanza kwao, mmoja mmoja, mpaka wote wamekubaliana, ndipo wanakaa kikao cha kuthibitisha. Wazee wetu hawakufanya hivyohivyo kabla ya baraza?

Na ishara za mwili ziulizeni, msizibahatishe. Mnunuzi wa kwanza kutoka Kerala, kule India, niliyemhudumia, kila nikimwonyesha rundo la magunia alikuwa anatikisa kichwa upande huu na upande huu. Nikajua amekataa. Tulipanga upya magunia mia mbili, makuli wananilaani kwa Kimakonde wakidhani sisikii. Siku ya pili akaniuliza kwa upole kwa nini nahamisha mzigo alioukubali jana.

Bibi, mimi naandika hesabu kwa intaneti kwa kampuni ya Berlin, niko Mtwara mjini. Wiki hii nimeingia mkutanoni peke yangu, nimekaa saa nzima hakuna mtu. Wamenidharau? — Mhasibu

Hapana mwanangu, wamerudisha saa nyuma. Wenzetu wa Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kiangazi wako nyuma yetu saa moja, kipindi cha baridi saa mbili. Mkutano wao wa 9:00 ambao ulikuwa kwako saa nne asubuhi, sasa ni saa tano, mpaka Machi. Na ukiwaandikia tumia tarakimu, 11:00, usiandike "saa tano" popote. Mimi niliwahi kumwambia wakala wa meli aje saa tisa. Yeye alifika saa tisa yake, asubuhi, na lori langu likafika saa tisa yangu, alasiri. Alikuwa amelala kwenye gari, madirisha wazi, shingo imebabuka kwa jua.

Dada wa Kilwa uliyeuliza habari za mwani na mnunuzi wa Kichina: barua yako nimeisoma mara mbili, na sitaki kukujibu kwa kubuni. Yuko mwanamke hapa Mikindani, nyuma ya msikiti, aliyewauzia kwa miaka mingi, nilimfuata jana nimuulize. Nimekuta mlango umefungwa. Amekwenda Newala, kwa mjomba wake, msibani.